Kusafisha Meno Yenye Nyaya: Utaratibu wa Kila Siku, Hatua kwa Hatua

Kila anayetoka kliniki na nyaya mpya mdomoni hurudi na maswali yale yale. Ninunue mswaki gani? Uzi nitaupitisha wapi na waya umeziba njia? Mbona fizi zinatoa damu? Na nyaya zikitolewa, meno yatabaki na madoa? Majibu yako hapa, yamepangwa ili uyafuate ukiwa umesimama mbele ya kioo. Yanahusu nyaya zilizogandishwa kwenye meno kwa gundi. Ukivaa zile za plastiki unazozivua wakati wa kula, mengi ya haya hayakuhusu.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine yote: unachosafisha ni jino. Chuma hakiozi. Watu wengi husugua braketi, vile vichuma vidogo vilivyogandishwa kimoja kimoja kwenye meno, mpaka ving'ae, huku ule ukanda mwembamba kati ya braketi na ufizi ukibaki na utando tangu asubuhi hadi asubuhi ya pili. Utando huo ni bakteria. Ukila sukari au wanga, hutengeneza asidi, na asidi hiyo hunyonya madini ya jino. Ukiachwa pale pale bila kuguswa, doa jeupe la chokaa linaweza kuonekana kwa muda wa wiki nne tu, pengine hata kabla hujarudi kliniki kukazwa waya. Nadharia inaishia hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mswaki wa nywele laini, wenye kichwa kidogo. Wa wastani na mgumu uache dukani. Ipo miswaki iliyotengenezewa nyaya, ambayo nywele za katikati ni fupi ili kuipa braketi nafasi. Ni mizuri lakini si lazima. Wa umeme pia unafaa.
- Viburashi vya kupenyeza. Vina umbo la burashi ya kuoshea chupa ya mtoto, ila vyembamba kama kijiti cha kiberiti au zaidi. Nunua saizi mbili: moja ya kupita nyuma ya waya, na ndogo zaidi kwa mianya iliyobana.
- Uzi wa meno wenye ncha ngumu na sehemu ya katikati iliyofutuka kama sponji. Ukikosa, nunua uzi wa kawaida pamoja na sindano za plastiki za kuupitishia chini ya waya.
- Dawa ya meno yenye floridi ya 1,350 hadi 1,500 ppm, yaani sehemu kwa kila milioni. Soma mgongoni mwa pakiti. Baadhi ya dawa za mitishamba hazina floridi kabisa, na kwa mtu mwenye nyaya hilo ni pengo kubwa.
- Nta ya nyaya, ambayo kwa kawaida kliniki hukupa siku ya kwanza.
- Kioo na mwanga. Tochi ya simu inatosha.
- Kikombe cha maji.

Viburashi na uzi wenye ncha ngumu si rahisi kuvipata kwenye kiosk cha mtaa. Ulizia kwenye maduka makubwa ya dawa au pale pale kliniki, na ununue vya mwezi mzima kwa mara moja. Kiburashi hakidumu: waya wake ukipinda au nywele zikianza kung'oka, kitupe. Mswaki nao huchoka mapema kwa sababu ya kukwaruzwa na chuma. Kanuni ya kawaida ni miezi mitatu, lakini ukiona nywele zimetawanyika hata baada ya wiki sita, badilisha.

Usafi wa usiku

Huu ndio usafi mkuu wa siku. Ukilala mate hupungua, na mate ndiyo yanayolinda meno. Anza ukiwa umemaliza kula na kunywa kila kitu, chai ikiwemo.

1. Vua raba za kuvuta, yaani zile zinazotoka meno ya juu hadi ya chini, kama umepewa. Ukimaliza vaa mpya. Zile ndogo zinazofunga waya kwenye braketi usiziguse.

2. Sukutua kwa maji matupu mara mbili tatu, ukiyapitisha kwa nguvu kati ya meno. Hapa hutoka mabaki makubwa: sukuma wiki, nyuzi za nyama, chapati iliyogandamana kwenye magego. Ukianza na mswaki kabla ya hapa utakuwa unayasukuma yajifiche nyuma ya waya.

3. Chukua kiburashi, kiloweshe kwa maji. Kiingize kutoka upande wa ufizi, kipite nyuma ya waya katikati ya braketi mbili, kisha ukilaze kidogo kiguse ubavu wa braketi ya kulia. Sugua mara nne au tano. Kilaze upande wa kushoto, ufanye vivyo hivyo. Kitoe, ukiingize tena kutoka upande wa kutafunia. Nenda mwanya kwa mwanya, meno ya juu kisha ya chini, ukikisuuza kila baada ya mianya mitatu minne. Kisipopita usikilazimishe; tumia saizi ndogo.

4. Pitisha uzi. Ncha ngumu iingie kati ya waya na meno, uivute mpaka ufikie sehemu ya sponji. Ushushe uzi kati ya meno mawili kwa kuupeleka mbele na nyuma polepole, bila kuukita ghafla. Ukifika kwenye ufizi, uzungushe ukumbatie ubavu wa jino moja, upandishe na kuushusha mara mbili tatu, kisha ukumbatie jino la pili. Ukiutoa, achia upande mmoja, uuvute kwa ubavu. Ukiukwanyua kuelekea kwenye waya, utaulegeza waya au utabandua braketi.

5. Weka dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere. Matangazo huonyesha mswaki uliojaa dawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kiasi hicho hutoa povu jingi mpaka huoni unachosugua.

6. Sasa ule ukanda wa ufizi. Hatua hii usiifanye kwa haraka. Inamisha mswaki nyuzi 45 ili nusu ya nywele ziguse ufizi na nusu ziguse jino juu ya braketi. Kwa meno ya chini, mambo yanageuka: nywele zielekee chini, ufizi uliko. Tetemesha mswaki au uzungushe vijiduara vidogo pale pale, hesabu hadi kumi, ndipo usogee meno mawili mengine. Anza na gego la mwisho la kulia, umalizie la mwisho la kushoto. Chonge na meno yanayofuata ndiyo husahaulika zaidi kwa sababu taya hupinda hapo na mswaki huruka. Hapo geuza mswaki usimame wima, utumie ncha yake.

7. Geuza mswaki uingie kutoka upande wa pili, nywele zikielekea kwenye braketi kutoka upande wa kutafunia. Mwendo ni ule ule.

8. Sugua uso wa braketi na waya moja kwa moja. Hapa hutumii muda mrefu.

9. Malizia upande wa ndani unaogusana na ulimi, sehemu za kutafunia, na nyuma ya magego ya mwisho. Kwa magego ya juu upande wa shavu, fumba mdomo kidogo: ukiupanua sana shavu hukaza na mswaki haupiti. Kama magego yako yamevalishwa pete za chuma, sugua mzunguko wa pete pale inapokutana na ufizi. Piga mswaki ulimini pia.

10. Tema. Usisukutue kwa maji. Wengi wetu tumelelewa tukisukutua mara tatu nne mpaka mdomo uwe hauna hata ladha ya dawa, na ni tabia ngumu kuiacha, lakini floridi inayobaki ndiyo inayolirudishia jino madini lililoyapoteza mchana. Tema tena kama povu linakukera, kisha ulale.

11. Washa tochi ukague. Kingo za kila braketi zionekane wazi, na ukanda wa ufizi ung'ae bila ukungu wa njano au mweupe. Pitisha ulimi: jino safi huteleza, lenye utando hukwaruza kidogo au huhisi kama lina nyuzinyuzi. Ukipata sehemu chafu, rudia hiyo tu.

Mswaki peke yake uchukue dakika tatu au nne. Pamoja na kiburashi na uzi, wiki ya kwanza utatumia robo saa nzima na mikono itachoka. Mkono ukizoea muda hupungua karibu nusu. Ikiwa kuna usiku ambao kweli huwezi kufanya yote, afadhali ukose uzi kuliko kukosa kiburashi na hatua ya 6.

Asubuhi, mchana na bwenini

Asubuhi rudia hatua ya 5 hadi 10. Ukinywa juisi au kula matunda yenye uchachu, ngoja nusu saa kabla ya kupiga mswaki, maana asidi hulainisha uso wa jino kwa muda na mswaki hulikwangua. Kama unaondoka nyumbani saa kumi na moja kuwahi matatu na kifungua kinywa utakipata kazini, piga mswaki kabla ya kutoka, kisha usukutue kwa maji ukishakula.

Mchana si lazima ufanye usafi kamili. Sukutua kwa maji na upitishe kiburashi kimoja. Weka kwenye mkoba kijimfuko chenye kiburashi chenye kifuniko, kipande cha nta na kioo kidogo. Kama una dawa ya kusukutua yenye floridi, mchana ndio wakati wake. Ukiitumia mara baada ya kupiga mswaki usiku, utaiondoa floridi ya dawa ya meno, ambayo ni nyingi zaidi, na kuweka iliyo kidogo.

Mzazi, kama mtoto anarudi shule ya bweni, mfungie vya muhula mzima: miswaki miwili, viburashi vya kutosha kubadilisha kila wiki, uzi, dawa mbili za meno na nta. Elewana na shule mapema kuhusu ruhusa ya kwenda kukazwa waya. Mwambie pia ale githeri polepole, kwa upande wa magego. Punje moja ya mahindi ambayo haikuiva vizuri inatosha kubandua braketi.

Chakula

Miwa iache kabisa mpaka nyaya zitoke. Mahindi ya kuchoma yapukuchue kwanza, na yakiwa yamekauka usiyale. Nyama choma iombe ikatwe vipande vidogo, na mfupa usiugugune. Kashata, mabuyu, njugu karanga, crispi za muhogo na peremende ngumu hubandua braketi. Tofi na ubani hunasa. Embe bichi la pilipili linalouzwa mitaani ni gumu na lina asidi, kwa hiyo lina madhara mawili kwa mpigo.

Kuhusu sukari, idadi ya mara ina uzito kuliko kiasi. Soda moja uliyoinywa na chakula ikaisha ina nafuu kuliko ile unayoionja kidogo kidogo kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Hali ni ile ile kwa chai ya maziwa yenye sukari inayopitishwa ofisini kila mara. Kati ya milo, kunywa maji.

Makosa yanayoonekana sana

Kusugua kwa nguvu. Nguvu huukwangua ufizi mpaka ushuke, na hata hivyo nywele zilizolala haziingii nyuma ya waya. Shika mswaki kwa vidole, si kwa ngumi.

Kuacha mswaki siku za maumivu. Waya ukikazwa meno huuma siku tatu nne hivi. Watu huahirisha usafi, na utando unapata wiki nzima ya bure. Tumia maji ya vuguvugu na mswaki laini, lakini usiache.

Mkaa na limau ili meno yawe meupe. Mkaa hukwangua na kujificha chini ya raba, limau ni asidi tupu. Isitoshe, sehemu iliyo chini ya braketi haiguswi, kwa hiyo hata ukifanikiwa utabaki na mraba wa rangi nyingine katikati ya jino.

Mswaki wa kijiti peke yake. Haupiti nyuma ya waya, na kuutafuna kwa meno ya mbele kunavuta braketi. Kama umeuzoea, utumie upande wa ndani tu, baada ya kuulainisha kwa magego.

Dawa kali ya kusukutua yenye klorheksidini kutumiwa miezi na miezi. Hutia meno rangi ya kahawia. Daktari akiiandika, fuata siku alizosema, na iache nusu saa ipite kati yake na dawa ya meno kwa sababu baadhi ya dawa za meno huipunguza nguvu.

Kuchokonoa kwa pini au vijiti vya meno. Pini huchoma ufizi, kijiti hukatikia ndani.

Madoa: yapi ni ya nyaya, yapi ulikuwa nayo

Hili linastahili nafasi yake kwa wakazi wa Nairobi. Maji ya visima vya kuchimbwa katika jiji na viunga vyake mara nyingi yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, wakati mwingine kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Aliyekulia maji hayo anaweza kuwa na michirizi myeupe au kahawia kwenye meno. Michirizi hiyo ilitokea meno yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya taya, miaka ya utotoni. Huwa imelingana kushoto na kulia, na ilikuwepo kabla ya nyaya. Doa la utando lina umbo jingine: huzunguka braketi au hufuata mstari wa ufizi, halina mng'ao, na linaweza kuwa kwenye jino moja na kukosekana kwa mwenzake.

Kwa sababu ya michirizi hiyo watu huogopa dawa ya meno yenye floridi. Kwa kijana na mtu mzima ambaye meno yake yameshaota, dawa unayoisugua na kuitema haileti michirizi ya namna hiyo. Usiiache. Piga picha za meno yako kwa simu kabla ya kuwekewa nyaya, kisha kila mwezi mahali pale pale penye mwanga; ndivyo utakavyolijua doa jipya likiwa bado dogo. Ukiliona mwambie daktari mapema, maana linaweza kuzuiwa lisiendelee kuwa tundu.

Mambo yakienda mrama

*Fizi zinatoa damu.* Mara nyingi ni utando uliokaa, na dawa yake ni kusafisha pale pale panapotoka damu, polepole. Ndani ya wiki moja hadi siku kumi ipungue. Isipopungua, nenda kliniki.

*Sijui kama ufizi wangu ni mzima.* Picha nyingi huonyesha ufizi wa rangi ya waridi. Wengi wetu tuna weusi wa asili kwenye fizi, na si ugonjwa. Tazama umbo: ufizi mzima umebana jino na una ncha nyembamba kati ya meno. Uliovimba ni wa mviringo, laini, unang'aa, na ukiguswa unatoa damu.

*Ufizi umevimba unafunika braketi.* Usafi wa nyumbani pekee huenda usitoshe. Usingoje miadi, piga simu.

*Uzi umenasa.* Usivute kwa nguvu. Ukate kwa mkasi mdogo karibu na jino, toa kipande kimoja kimoja kwa upande.

*Waya unachoma shavu.* Kausha mahali hapo kwa tishu, finyanga nta kiasi cha njegere, ibandike juu ya ncha. Unaweza pia kuusukuma taratibu kwa kifutio cha penseli ulale nyuma ya braketi. Kikata kucha usikitumie. Kipande kinaweza kurukia kooni.

*Braketi imebanduka.* Isipokuwa imetoka kabisa, iache kwenye waya na uifunike kwa nta. Iliyotoka ihifadhi uende nayo. Usiigandishe kwa gundi ya dukani, ina sumu na itaharibu uso wa jino. Ukiimeza, kwa kawaida hutoka na choo; lakini ukianza kukohoa mfululizo au kupumua kwa shida, nenda hospitali papo hapo.

*Kidonda ndani ya shavu.* Nta kwenye chuma kinachokwaruza, na kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi moja. Kikipita wiki mbili, daktari akitazame.

*Harufu hata baada ya kupiga mswaki.* Kagua ulimi na mizunguko ya pete za magego. Pete iliyolegea huingiza chakula chini yake, na jino huoza bila wewe kuona. Ibonyeze kwa kidole: ikicheza, inahitaji kugandishwa upya.

*Raba zimegeuka njano.* Ni binzari ya pilau na mchuzi, au chai. Si uchafu wa kusugua. Zitabadilishwa ukienda kukazwa. Safari ijayo omba za rangi iliyokolea badala ya zisizo na rangi.

*Mfereji umekauka.* Kikombe kimoja cha maji kutoka kwenye jerikeni kinatosha: nusu ya kusukutulia mwanzo, nusu ya kusuuzia kiburashi na mswaki. Kwa kuwa husukutui mwishoni, huhitaji zaidi. Kama hayana uhakika, yachemshe.

*Kuna kitu kigumu cha njano hakitoki.* Huo ni ukoga ulioshakuwa jiwe. Usiukwangue. Huondolewa kliniki kwa vifaa, na mwenye nyaya anahitaji usafi huo angalau kila miezi sita, wengine kila mitatu.

Ukipiga simu kliniki kuhusu lolote kati ya haya, taja jino kwa kuhesabu kutoka katikati: juu au chini, kulia au kushoto kwako, la ngapi. Tuma picha iliyopigwa kwa tochi, shavu likiwa limevutwa kwa kijiko. Ndipo wataamua uje leo au ungoje miadi yako.